Nafuu Anayoomba Baba Mdogo Sirili

Kibosho, 9 Juni 2024

Mwanangu Zita,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini vumbi la Dodoma halijakumaliza. Sisi huku wazima. Masika imegoma kuondoka, njia ya parokiani imekuwa tope tupu, na pikipiki ya katekista ilizama mpaka taa. Ng'ombe mweupe amezaa, lakini kazaa dume, basi hatuna cha kujivunia. Mama yako mdogo Mektrida magoti yanamsumbua. Mdomo mzima kabisa.

Maandalizi ya harusi yako ya Desemba yanakwenda. Kamati imeshakaa. Usiulize sana habari za kamati.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu hii, nikiongea humu ndani, Lukresia wa ng'ambo ya mfereji anaitikia. Barua nimeipaka gundi mara mbili na nimempa kondakta wa basi mkononi. Na wewe nijibu hivyo hivyo.

Sasa jambo lenyewe. Wewe ni wakili. Nauliza kwa faida ya elimu tu. Mtu ameandika mambo yake ofisi ya kodi, kama raia mwema. Halafu mfanyakazi wa ofisi hiyo anasimama kwenye kikao, mbele za watu wenye akili zao, anayatoa mambo yale hadharani. Mtu huyo afanyeje? Nauliza kwa niaba ya rafiki yangu. Ni mzee wa heshima, ana duka la pembejeo Moshi mjini kama mimi, na huyo aliyemsema ni mtoto wake wa ubatizo, kama Hosea alivyo mtoto wangu wa ubatizo. Lakini si mimi.

Rafiki yangu anataka mahakama itoe amri kwamba wote waliokuwepo wasahau walichosikia. Niambie amri hiyo inaitwaje.

Wako,
Sirili, mwenye duka


Dodoma, 24 Juni 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Barua imefika, ila ile gundi ya pili iliganda na karatasi, aya ya kwanza nimeisoma kwa kuangalizia kwenye taa. Mimi sijambo. Jackson anakusalimia, na wazazi wake wa Old Moshi wameanza kuniita mkwe kabla ya wakati. Mpe mama mdogo pole ya magoti.

Mpe pole pia rafiki yako. Mwambie sheria iko upande wake. Sheria ya Usimamizi wa Kodi inamfunga mdomo mfanyakazi wa kodi kuhusu mambo ya mlipakodi. Anaweza kuyatoa pale tu sheria inaporuhusu, kwa mfano mbele ya mahakama au kwa kazi yenyewe ya kodi. Kikao cha mtaani hakimo. Haijalishi kama alisema kwa chuki au kwa huruma, wala kama alichosema ni kweli. Siri ikitoka imetoka.

Kuhusu afanyeje, milango ipo. Aanze kwa mkuu wa ofisi ile, kwa maandishi. Asiporidhika, kuna ofisi ya usuluhishi wa malalamiko ya kodi. Kwa kuwa hizi ni taarifa binafsi, anaweza pia kwenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ipo hapa hapa Dodoma, na huko fidia inaweza kuzungumzwa. Anaweza kufungua madai mahakamani. Na huyo aliyesema anaweza hata kushtakiwa, maana ni kosa la jinai.

Amri ya kuwasahaulisha watu haipo, baba mdogo. Nimetafuta, kwa sababu nakupenda.

Malalamiko yoyote ninayoandika huishia na swali moja: nafuu anayoomba mlalamikaji ni ipi? Rafiki yako afikirie. Aniambie pia ni kikao gani, nani walikuwepo, yule kijana alisema nini hasa, na amepata madhara gani.

Jingine ni langu. Tangu baba afariki nimejua ni nani atakayenishika mkono kuingia kanisani. Shona suti mapema, mafundi wa Desemba unawajua.

Mwanao,
Zita


Kibosho, 20 Julai 2024

Mwanangu Zita,

Salamu. Baridi ya mwezi huu si ya kawaida, tunalala na makoti. Yule ndama dume ananyonya mpaka anamkondesha mama yake. Mektrida anasema magoti yake yanatabiri mvua, na mpaka sasa hayajakosea.

Yule rafiki ni mimi. Usijifanye hukujua.

Umeniuliza madhara. Haya sikia. Lukresia, ambaye miaka yote tunagombania maji ya mfereji, sasa ananiachia zamu yake na kunisalimia kwa sauti ya hospitalini. Jumuiya yetu imeniweka kwenye wahitaji! Mimi! Wameniletea unga, sukari na sabuni ya kufulia, wakaimba wimbo mlangoni. Katekista kanipa koti lake la zamani, na linanitosha, hilo ndilo limeniudhi zaidi. Jumapili Padre akasema tumwombee ndugu yetu mmoja anayepita katika majaribu. Hakutaja jina, lakini kanisa zima liligeuka kuniangalia, mpaka wanakwaya.

Haya yote naweza kuyavumilia. Lisilovumilika ni hili. Zamani nikisimama kwenye kikao, watu walinyamaza. Siku hizi nikisimama wananiambia, "Kaa mzee wetu, usijichoshe." Wananishika bega na kunikalisha, Zita. Kwa upole kabisa. Nimeumia, sikufichi.

Aliyesema ni Hosea. Nilimbeba mwenyewe kwenye maji ya ubatizo, akanilowesha shati. Alichosema ni uongo. Au tuseme si kweli yote. Kikao kilikuwa kikao tu, cha watu.

Nafuu ninayoomba: Hosea ahamishiwe mahali pasipo na watu.

Sirili, mwenye duka


Dodoma, 5 Agosti 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Nimecheka habari ya koti, halafu nilipofika kwenye kukalishwa kwa upole nikaacha kucheka. Pole sana.

Ila nikuseme kidogo. "Si kweli yote" si jibu. Sheria haihitaji kujua kama duka lako, au shamba lako, au chochote alichokitaja Hosea kiko hivyo au sivyo. Wakili wako ndiye anayehitaji, asije akaaibika mbele ya watu. "Kikao cha watu" pia si jibu. Nilimpigia mama mdogo. Akasema, "Muulize mwenyewe," kisha akaanza kunieleza bei ya maziwa kwa nusu saa. Nyumba hiyo mna siri kuliko ofisi ya kodi.

Malalamiko nayaandika hivyo hivyo, kwa mkuu wa ofisi kwanza. Nitasema mfanyakazi alitoa taarifa za mlipakodi kwenye mkutano wa hadhara, wakaulizane wenyewe. Nafuu ya kumpeleka mtu mahali pasipo na watu nimeiacha, fikiria nyingine. Na tafadhali, usizungumze na Hosea mpaka tujibiwe. Ukizungumza naye mkagombana, au mkapatana, utanivurugia.

Suti umeshona?

Zita


Kibosho, 15 Septemba 2024

Mwanangu Zita,

Salamu nyingi, nitazipunguza kwa sababu naandika nikiwa bandani kwa ng'ombe, na wino unaisha.

Usemalo kwamba nisizungumze na Hosea nimelishika vizuri mno. Tatizo ni kwamba yeye amekata sale.

Wewe umekaa Dodoma muda mrefu, lakini hujasahau. Mtu wa kwetu akikuletea jani la sale la kuomba msamaha, na likagusa mkono wako, habari imekwisha. Hata kama aliua ng'ombe wako. Hukatai. Baba yangu hakukataa, na babu yake hakukataa. Hosea anajua hilo, na tangu barua yako ifike ofisini kwao anazunguka na jani mfukoni kama mganga.

Jumapili ya kwanza alinisubiri mlango mkubwa, nikatokea sakristia. Padre alikuwa anavua kanzu, akashtuka. Jumapili iliyofuata alikuja kukaa benchi la nyuma yangu, akivizia wakati wa kutakiana amani. Watu wote wanapeana mikono, mimi mikono yangu iko ndani ya koti la katekista. Nilimtakia amani Lukresia kwa kichwa. Juzi amekuja mpaka nyumbani. Nikapita mlango wa jikoni, nikavuka migomba, nikaruka mfereji na umri huu, nikaingia kwenye kahawa ya jirani. Nimesikia Mektrida anamwambia, "Baba yako wa ubatizo hayupo, ila ukitazama kule utaona kofia yake." Huyo ndiye mke wangu.

Wahi, Zita. Sukuma hayo malalamiko kabla sijashikwa. Nafuu ninayoomba kwa sasa ni amri ya kumzuia Hosea kubeba majani.

Sirili, mwenye duka


Dodoma, 2 Oktoba 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Natumaini umetoka bandani.

Kisheria, kupokea jani hakufuti malalamiko. Najua utaniambia sheria hiyo iliandikwa na watu wa tambarare. Kweli, sidhani kama walimuuliza mtu wa Kibosho.

Sasa kaa chini, na safari hii nakukalisha mimi. Ofisi imejibu. Hosea hakukataa. Ameandika maelezo yake kurasa mbili, ya pili yote ni kujuta. Anasema aliona jalada lako likipita mezani kwake kazini, na kwamba aliyataja yaliyomo kwa nia njema kwenye kamati ya harusi. Harusi ya nani? Ya Zita. Harusi yangu, baba mdogo! Miezi minne unaniambia kikao cha watu, kumbe watu wenyewe ndio wanaonipangia keki.

Alichokisema pia amekiandika. Nimekisoma mara tatu. Sitakiandika hapa, kwa sababu karatasi ya Hosea imeshanipa habari zako za kutosha, na ndicho tunachomlalamikia. Nataka nikisikie kwako. Si kama wakili.

Ofisi inaomba tuseme wazi nafuu tunayotaka. Nimewaambia mteja wangu anatafakari.

Mwanao,
Zita


Kibosho, 10 Novemba 2024

Mwanangu Zita,

Nimechelewa kujibu. Mvua za vuli zimeanza, Mektrida hajambo, ndama anakula majani sasa. Basi, salamu zimekwisha, hakuna pa kujificha.

Nimeshikwa. Jumamosi jumuiya ilisali kwa Lukresia. Tulipomaliza akanipa mkungu wa ndizi mshare, mkubwa, akasema nikapikiwe mtori. Nilitaka kukataa, nikasema ah, mshare ni mshare. Nikaubeba begani. Njiani watu wananiangalia, wanasimama. Kwa majirani, kina Priska, wanawake wakapiga vigelegele. Mzee mmoja akavua kofia. Nikajisemea, kumbe heshima imerudi! Nikanyoosha mgongo, nikapita njia ndefu makusudi, ile ya dukani na zahanati, ili wanione vizuri. Nafika nyumbani, Mektrida ananipokea, anacheka mpaka anashika ukuta. Kwenye kikonyo cha mkungu, kwa nyuma ambako mimi sioni, limefungwa jani la sale. Nimelibeba kijiji kizima, kwa bega langu na kwa hiari yangu. Hosea alikuwa amekaa jikoni kwangu, anakunywa maziwa.

Wazee wamebishana kama inahesabika kwa mtu asiyejua. Mimi nimesema inahesabika. Nimechoka kuruka mfereji.

Hosea alilia. Akasema, "Meku, mzee wangu, niliona umeahidi ng'ombe mzima nao wanakuandikia tu, nikaogopa utauza shamba la migomba." Nikamwambia uso kwa uso: ulichosema si chako kusema, hata kwa mapenzi, hasa kwa mapenzi. Akasema anajua. Basi.

Sasa la kwangu. Duka nilifunga Januari mwaka jana. Watu wameng'oa kahawa wanapanda parachichi, na wanaobaki wananunua dawa kwenye maduka makubwa ya stendi. Nilikwenda ofisi ya kodi, nikajaza makaratasi ya kufunga, nikarudi nyumbani, nikashindwa kusema. Kesho yake nikavaa, nikachukua funguo, nikapanda gari kama kawaida. Nilikuwa nakwenda kukaa kwa Basili fundi cherehani, nikimsomea gazeti mpaka jioni. Mwaka mzima na zaidi.

Mpaka Hosea aliposema, nilidhani hakuna ajuaye. Jana ndipo nilipomwambia Mektrida kwa mdomo wangu. Akasema alijua wiki ya kwanza, kwa sababu shati langu lilikuwa limeacha kunuka dawa ya kahawa. Zita, kila asubuhi alikuwa ananifungia kiburu cha kula kazini, na anajua hakuna kazi. Nimemuuliza kwa nini hakusema. Kasema, "Ungekaa nyumbani ungenifundisha kupika." Halafu akaenda kukamua. Nimelia bandani, ng'ombe ndiye aliyeniona.

Pale kwenye kamati nilisimama nikaahidi ng'ombe mzima, kwa sababu ndivyo baba yako angefanya. Hosea aliponikatiza na kusema duka nimeshalifunga, niliona wale watu wa Old Moshi wanatazama viatu vyao. Kwa hiyo naona ni vizuri baba yako mkubwa wa Arusha akushike mkono siku hiyo. Ana gari na ana suti. Mimi nitakaa na wazee wengine, sitaona vibaya.

Malalamiko yafute. Umeyahangaikia tangu Juni, na mimi nimekudanganya tangu Juni. Ndani ya bahasha hii kuna kitu chako. Nimekikata mwenyewe mpakani kwetu, pale baba yako alipopanda.

Sirili


Dodoma, 25 Novemba 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Bahasha yako niliichana ofisini, na kabla ya barua likatangulia jani. Nikalidaka lisianguke chini. Kwa hiyo ujue nilikusamehe kabla sijajua umefanya nini. Mteja aliyekuwa amekaa mbele yangu, mtu wa Rombo anayeijua sale, akanyanyuka na kusema, "Wakili, mimi nitarudi kesho." Akanifungia mlango taratibu. Nililia vizuri.

Baba mkubwa wa Arusha atakuja, atakula, atapiga picha na gari lake. Hatanishika mkono. Mimi sikuomba duka linipeleke kanisani, nilikuomba wewe. Wakwe wa Old Moshi walitazama viatu vyao kwa sababu baba yake Jackson naye alikuwa ameahidi mbuzi asiokuwa nao. Jackson ameniruhusu nikuambie, naona mwenzetu anajua taratibu za siri.

Sasa sheria. Malalamiko yako unaweza kuyaondoa, na fidia unaweza kuiacha. Lakini Hosea kukiuka siri ya kazi si kosa la kusamehewa na wewe peke yako, ni la ofisi pia, na la mlipakodi mwingine ambaye hana mtoto wa kaka aliye wakili. Wamempa onyo la maandishi na wamemhamishia meza isiyopitiwa na majalada. Amekubali. Kabla ya kufunga shauri wanataka jibu lako, kwa mkono wako: umeridhika, au kuna nafuu nyingine unayoomba?

Nijibu upesi. Na suti, baba mdogo. Suti!

Mwanao,
Zita


Kibosho, 8 Desemba 2024

Mwanangu Zita,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku wazima wote. Suti ipo. Kaishona Basili, kwa fadhila ya magazeti yote niliyomsomea. Koti la katekista nimemrudishia, limefuliwa kwa sabuni ya wahitaji.

Jana kamati ilikaa kwa mara ya mwisho. Nilisimama. Mmoja akanyoosha mkono anishike bega, Lukresia akamwambia, "Mwache aseme!" Wakanyamaza wote. Nikasema duka limefungwa, ng'ombe niliyeahidi hayupo, ila nina lile dume lililozaliwa mwezi wa sita, dogo lakini ni langu. Na ndizi za harusi zote zitatoka shambani kwangu. Hakuna aliyenikalisha. Nilipomaliza nilikaa mwenyewe.

Jibu langu kwa ofisi ni hili, ulipeleke kama lilivyo, usilinyooshe kwa maneno ya mahakama:

Mimi Sirili nimeridhika. Nafuu ninayoomba ni moja tu. Tarehe 28 Desemba, Hosea awepo kwenye harusi ya binti yangu, akae meza ya mbele karibu nami, ale ndafu mpaka achoke, na mtu yeyote asimpe kipaza sauti.

Sirili,
baba wa bibi harusi